Kibaba Kwanza

Mwaka 1937 vilima vya Machakos, nchini Kenya, vilipigwa picha vikiwa uchi: makorongo mekundu, miamba iliyochomoza, vichaka vya hapa na pale. Mwaka huohuo Colin Maher, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti iliyoona nchi hii ikielekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Mwaka 1991 watafiti walirudi kwenye vilima vilevile na kupiga picha tena. Safari hii kamera ilikuta ngazi za mashamba, miti na nyumba. Utafiti huo wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki ulitoka mwaka 1994 katika kitabu More People, Less Erosion. Katika wilaya ya zamani, iliyojumuisha Makueni ya leo, watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989. Watu waliongezeka, mmomonyoko ukapungua.

Ngazi hizo zilijengwaje? Nyingi hazikujengwa hadi mwisho. Zilianzishwa tu, mvua ikazimalizia.

Mbinu yenyewe huitwa fanya juu, na wataalamu wa udongo wa nchi nyingine huiita kwa jina hilohilo la Kiswahili. Kwanza hupimwa mstari unaokata mteremko pasipo kupanda wala kushuka: nguzo mbili, uzi kati yake, pimamaji katikati ya uzi. Kisha huchimbwa mtaro, mara nyingi wa sentimita 60 hivi kwenda chini na kiasi hicho kwenda upana. Udongo unaotoka haumwagwi upande wa bondeni. Hurushwa upande wa juu, ukawa tuta. Kati ya tuta na mtaro huachwa ukingo mdogo ili udongo usiporomoke kurudi ulikotoka. Juu ya tuta hupandwa nyasi, kama vile napia, zilishike kwa mizizi na kumpa ng'ombe chakula.

Aliyewahi kurusha udongo kwa koleo kuelekea mlimani anajua kwamba mikono inalipa. Fanya chini, ambako udongo huangushwa upande wa bondeni, ni nyepesi zaidi. Lakini tuta la juu ndilo linalokaa mahali ambapo udongo wa shamba utapita. Kila mvua inaposhusha tope kidogo, tope hukwama nyuma ya tuta. Msimu unaofuata mkulima huzoa kilichoanguka mtaroni na kuliinua tuta tena. Baada ya miaka kadhaa shamba lililokuwa limelala mshazari huanza kulala bapa. Ukitaka ngazi kamili siku moja, itakubidi uukate mlima wote kwa jasho lako, na huenda ukaufukia udongo wenye rutuba chini ya ule usioota kitu.

Kuna kosa moja ambalo mbinu hii haisamehi. Tuta likiwa na sehemu moja iliyo chini kuliko nyingine, maji yote ya kilima yatapaona. Yatatokea hapo, na asubuhi utakuta korongo mahali ulipoacha uzembe wa kiganja kimoja.

Shuruti haikuifikisha Machakos hapa. Mwaka 1938 serikali ilipotaka kupunguza mifugo ya Wakamba, wenyeji wa Machakos, kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu hadi Nairobi kupinga, naye akahamishiwa Lamu. Matuta yaliyochimbwa kwa amri mara nyingi hayakupata wa kuyainua amri ilipoondoka. Mambo yalibadilika pale mkulima alipoona faida kwenye shamba lake mwenyewe: kahawa na mboga za kuuza, na mahindi ya Katumani, yanayokomaa mapema kabla mvua fupi za Ukambani hazijakatika. Kazi nzito ilibebwa na mwethya, vikundi vya majirani vinavyolima kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Katika vikundi hivyo wanawake walikuwa wengi.

Naandika haya nikiwa na mswada mezani, na naona ni kazi ileile. Tunawaambia waandishi chipukizi wavumilie, kana kwamba mswada uliofungiwa kwenye droo utaiva kama ndizi. Hauivi. Hukusanya vumbi tu. Mwandishi anapaswa kuchimba mstari wake kwanza: nani anasimulia, kwa sauti gani, hadithi inaelekea wapi. Kurasa 5 mbaya zilizokaa kwenye mstari huo ni tuta. Mazungumzo ya matatu, neno la bibi, kumbukumbu ya saa tisa usiku, vyote vikishuka vitapata pa kukwama. Halafu lazima arudi kila msimu kuinua. Na palipo na sura dhaifu, msomaji, kama maji, ataiona hiyo kwanza. David Maillu, mwana wa Ukambani, alijulikana kwa vitabu vyembamba vya miaka ya 1970. Mwaka 1991, mwaka wa picha ile ya pili, alitoa Broken Drum, riwaya inayopita kurasa 1,000. Mzigo wa namna hiyo haubebwi kwa pumzi moja.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Methali yenyewe inachukulia kwamba kibaba tayari kipo. Mvua iliyoishusha Machakos hadi mawe kabla ya 1937 nayo ilinyesha haba na haba, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo hiyohiyo iliyokuja kuzijaza ngazi. Tofauti ilikuwa tuta.