Surviving R. Kelly: Swali kwa Wahakiki

Ukisoma fasihi sekondari, jambo la kwanza unalokaririshwa kwenye ushairi ni hili: usimchanganye mshairi na nafsineni. Anayesema "mimi" ndani ya shairi si lazima awe yule aliyelitunga. Kanuni hiyo ni nzuri na imewaokoa watunzi wengi. Bila hiyo, kila aliyeandika juu ya mlevi angeitwa mlevi, na aliyeandika juu ya muuaji angetafutiwa pingu. Lakini hata mwavuli mzuri huweza kumsitiri mwizi. Ndugu msomaji, filamu tunayoihakiki hapa inatuonyesha jinsi kanuni ya nafsineni ilivyomsitiri mwanamuziki mmoja kwa takriban miaka 25.

Filamu yenyewe ni Surviving R. Kelly. Ni filamu ya hali halisi yenye sehemu sita, iliyoonyeshwa na kituo cha televisheni cha Lifetime nchini Marekani kwa siku tatu mfululizo, Januari 2019. Mmoja wa watayarishaji wakuu ni dream hampton, mwanamama anayeandika jina lake kwa herufi ndogo, mwandishi wa siku nyingi wa mambo ya muziki. Anayezungumziwa ni Robert Kelly wa Chicago, yule wa "I Believe I Can Fly" ya 1996, wimbo uliompa tuzo tatu za Grammy mwaka 1998 na ambao hata huku kwetu umepigwa kwenye mahafali mpaka basi.

Tuanze na maudhui. Wanawake wanakaa mbele ya kamera, mmoja baada ya mwingine, wanaeleza walivyokutana na Kelly, wengine wakiwa bado wasichana wa shule. Hawajuani wote, na miaka yao ni tofauti. Lakini simulizi zao zinafanana kama vitenge vya doti moja: sifa kwanza, ahadi ya kurekodi, namba ya simu, kisha mlango unafungwa. Wanaeleza walivyopangiwa hata saa ya kula. Wazazi nao wapo. Kuna mama mmoja anamfuata binti yake hotelini, kamera ikiwa nyuma yake, na mtazamaji anabaki ameshika pumzi.

Dhamira kuu ya filamu, kwa maoni yangu, haimhusu Kelly peke yake, maana mtu mmoja hawezi kufanya hayo yote bila msaada. Kuna aliyeendesha gari, aliyekata tiketi za ndege, aliyelinda mlango wa studio, na aliyelipa bili na kuuchuna. Filamu inawafikisha baadhi yao mbele ya kamera, na hizo ndizo dakika zake nzito kuliko zote. Utawasikia wakisema waliona hiki, wakahisi kile, ila kazi ilikuwa kazi. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hapa watu walimpisha hadi wakamsaidia kupita.

Sasa tuje kwenye fani. Uhariri umefanywa kwa ustadi: tarehe zinapangwa kwa mfululizo, sauti ya shahidi mmoja inapokelewa na ya mwingine, na hivyo ushahidi unajengeka wenyewe bila msimulizi wa kutupigia kelele. Lakini muziki wa kutisha unaowekwa chini ya maneno ya wahusika ni kasoro. Mtu anayesema kweli hahitaji kupigiwa ngoma. Tena pale hotelini sikuridhika: kilio cha mama na mwana kilikuwa chao, na kamera ingeweza kusubiri koridoni. Kisha yakaja mafungu mengine, 2020 na 2023. Televisheni nayo ni biashara, na huzuni ikiuzika huletwa tena sokoni. Mtazamaji aliangalie hilo kwa macho mawili.

Jambo la kushangaza zaidi katika kisa hiki, nalo linatuhusu sisi tunaoandika kurasa kama hizi, ni kwamba mambo mengi yalikuwa peupe tangu mwanzo. Mwaka 1994 ilitoka albamu ya kwanza ya Aaliyah, binti wa miaka 15. Kelly ndiye aliyeitayarisha, na ndiye aliyetunga wimbo uliobeba jina la albamu: Age Ain't Nothing but a Number, yaani umri si kitu, ni namba tu. Tazama jalada lake. Binti yuko mbele, na nyuma yake, katika ukungu wa picha, amesimama mwanamume. Ndiye Kelly. Agosti ya mwaka huohuo alifunga ndoa na binti huyo, yeye akiwa na miaka 27, kwa hati iliyodanganya kwamba bibi harusi ana miaka 18. Gazeti la Vibe likaichapisha hati hiyo. Ndoa ilibatilishwa 1995. Basi, wahakiki wakarudi kuhesabu vina.

Hapo ndipo nafsineni ilipofanywa mlinzi wa mlango. Ukiuliza, unajibiwa: aa bwana, ule ni wimbo tu, anayeimba ni mhusika. Kanuni iliyowekwa ili mtunzi awe huru kubuni ikageuzwa kuwa sababu ya msikilizaji kutouliza kitu. Tuisome vizuri. Kanuni inasema: usitumie wimbo kama ushahidi dhidi ya aliyeutunga. Haikusema popote kwamba ukiletewa ushahidi mwingine, uchukue wimbo ukaufunike.

Aliyeliona hilo mapema alikuwa mhakiki mwenzetu. Jim DeRogatis alikuwa mhakiki wa muziki wa gazeti la Chicago Sun-Times. Novemba 2000 aliandika uhakiki wa albamu mpya ya Kelly. Baada ya hapo akaletewa faksi isiyo na jina: huyu unayemhakiki ana tatizo, na tatizo lake ni wasichana wadogo. Angeweza kuitupa kapuni, maana watu maarufu huzuliwa mengi. Yeye na mwenzake Abdon Pallasch wakaenda kusoma majalada ya mahakama. Wakaikuta kesi ya madai ya 1996 iliyomalizwa kwa malipo, nje ya mahakama. Desemba hiyohiyo wakachapisha. Ndugu yangu, majalada yale yalikuwa wazi kwa yeyote mwenye nauli ya kufika mahakamani!

Hata hivyo, soko halikutikisika. Kelly alishtakiwa Juni 2002 kwa sababu ya kanda ya video. Februari 2003, miezi minane tu baadaye, albamu yake Chocolate Factory iliingia sokoni moja kwa moja katika nafasi ya kwanza Marekani. Kesi ilisikilizwa 2008, miaka sita baada ya mashtaka. Msichana aliyedaiwa kuwa kwenye kanda hakutoa ushahidi, na Kelly akaachiwa huru. Mwaka 2022, akiwa mtu mzima, mwanamke huyo alisimama mbele ya mahakama ya shirikisho huko Chicago akasema yule kwenye kanda ni yeye, alikuwa na miaka 14, na kwamba zamani alikana. Safari hiyo Kelly alitiwa hatiani kwa mashtaka 6 kati ya 13, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 20. Kabla ya hapo, Septemba 2021, mahakama ya New York ilikuwa imemtia hatiani kwa mashtaka yote 9, na Juni 2022 ikampa miaka 30. Vifungo hivyo, isipokuwa mwaka mmoja, vinakwenda pamoja. Ndani ya kesi ya New York ilithibitishwa kwamba mwaka 1994 ofisa mmoja wa serikali alihongwa ili Aaliyah apate kitambulisho cha uongo.

Angalia sasa: hakuna aliyefungwa kwa sababu ya mashairi. Waliomfikisha jela ni mashahidi, nyaraka na kanda. Nafsineni imebaki salama. Kwa hiyo anayetuambia kwamba kuuliza habari za mtunzi ni kuua sanaa anatuogopesha bure.

Na sisi huku? Mwaka 2010, miaka miwili baada ya Kelly kuachiwa na kumi baada ya habari ya Chicago, wasanii wa Afrika walialikwa kurekodi naye wimbo "Hands Across the World", miongoni mwao Ali Kiba wa Tanzania na Amani wa Kenya. Siwalaumu wasanii hao hata kidogo. Kijana akiitwa na nyota wa dunia ataendaje kukataa? Swali langu ni kwa wenye kalamu. Kazi ya kukumbuka si ya mwimbaji, ni ya mhakiki.

Uhakiki wetu tunaupika kwa mafiga mawili, fani na maudhui. Tuongeze la tatu: mazingira ya utengenezaji. Wimbo ulirekodiwa wapi, saa ngapi, nani alikuwa na ufunguo wa studio, nani alilipa, na nani aliambiwa "ukitaka wimbo wako upigwe, unajua cha kufanya"? Jambo hilo tuna jina lake kwa Kiswahili, rushwa ya ngono, na sheria ya Tanzania ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 imeipa kifungu chake, cha 25. Sheria ikiwa na jina la kitu na mhakiki hana, nani kati yao amelala?

Najua pingamizi litakalokuja: mtatugeuza wahakiki kuwa polisi na wambeya. Hapana. Mbeya anasimulia asichokiangalia. DeRogatis aliangalia kwanza, akahesabu tarehe, akasoma hati, ndipo akaandika. Na mtuhumiwa ana haki ya kutohukumiwa kwa maneno ya kijiweni. Lakini haki hiyo haimlazimishi mtu mwingine yeyote kuziba masikio.

Itazameni filamu hii, vijana wenzangu, pamoja na kasoro zake. Wale wanawake walisema kwa miaka mingi, na baadhi walisema mahakamani, kwa maandishi, wakiwa wangali mabinti. Sauti ilikuwepo. Iliyokosekana ni sikio, na sikio ndiyo zana ya kwanza ya mhakiki wa muziki.