Paa la Kuinuka: Kazi Iko Kwenye Miguu

Land Cruiser ya familia ya 70, ambayo Toyota imekuwa ikiitengeneza tangu 1984, haitoki Japani ikiwa na paa la kuinuka. Paa hilo ni kazi ya gereji zetu, hasa za Arusha, na magari yake ndiyo yanayopita Karatu kila asubuhi kuelekea lango la Lodoare. Haja yake inaeleweka. Ndani ya kreta ya Ngorongoro mgeni haruhusiwi kushuka kwenye gari isipokuwa sehemu zilizotengwa, kama Ngoitokitok, kwa hiyo kilomita za mraba 260 hivi za kreta huziona akiwa amesimama garini, kichwa nje. Kazi hii inastahili kuchambuliwa kwa sababu wanunuzi wengi huikagua kwa rangi na viti, ilhali kinacholinda maisha ya watu kimefichwa na rangi na viti hivyohivyo.

Huanza kwa kukata. Bodi ya gari hili imefungwa kwa bolti juu ya chesesi, katikati pana mipira, na ndiyo maana fundi anaweza kuigeuza bodi bila kugusa injini. Lakini paa la kiwandani halizuii mvua tu. Linazishika kuta mbili zisicheze. Chukua kiberiti, vuta droo yake nje, uipinde kwa vidole: inajikunja bila ubishi. Irudishe ndani ya ganda lake ujaribu tena. Gari lililokatwa paa ni ile droo. Likivuka korongo, gurudumu moja la mbele juu na la nyuma la upande huohuo chini, bodi nzima hujipinda, na dalili za kwanza hutokea mbali na paa lenyewe. Mlango unagoma kufunga. Kioo cha mbele kinapasuka kuanzia kwenye kona. Rangi inachanika juu ya nguzo za milango, na mwenye gari anamlaumu mpaka rangi.

Dawa yake ni fremu, na mpangilio wa kazi ndio unaomtambulisha fundi. Anayejua huchomelea mabomba ya chuma ya mraba kuzunguka uwazi kabla hajashika grenda, ili bodi ibaki na umbo lake wakati bati linaondoka. Kisha hushusha nguzo kila upande hadi sakafuni. Hapo ndipo wengi huharibu: nguzo inaishia kwenye bati jembamba la sakafu, na baada ya misimu michache ya barabara ya vumbi bati linapasuka kuizunguka. Nguzo inatakiwa ikae juu ya bamba nene, mahali palepale bodi inapofungwa kwenye chesesi, ili mzigo upite moja kwa moja kutoka juu hadi kwenye chuma kinachoubeba. Upinde mmoja nyuma ya dereva na mwingine nyuma kabisa ndizo zitakazosimama kati ya abiria na ardhi siku gari likibiringika.

Sasa miguu. Paa huinuliwa kwa mikono, watu wakisukuma kutoka ndani, likakaa juu ya miguu yenye bawaba. Mengine husaidiwa na vijiti vya gesi. Gari likiwa limesimama, kazi ya miguu ni nyepesi. Likitembea, mambo hubadilika, kwa maana nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi. Kwenye mwinuko wa Karatu, kama mita 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 14. Hata hivyo, kwa kilomita 80 kwa saa kila mita ya mraba inayoukabili upepo husukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 26. Kwa kilomita 20 kwa saa, mwendo wa kutafuta simba, nguvu hiyo haifiki kilo 2. Kasi imeongezeka mara 4, mzigo mara 16. Tena upepo hauishii kulisukuma paa nyuma: unaingia chini yake na kulinyanyua, na kila mtikisiko wa barabara unaichosha bawaba ileile. Dereva anayetoka kreta, akavuka lango na kuteremka lami ya Karatu paa likiwa wazi, anaipa miguu kazi ambayo haikutengenezewa.

Magari ya mbio yalijifunza jambo hili kwa maumivu. Tarehe 4 Mei 1969, kwenye mashindano ya Formula 1 ya Hispania pale Montjuïc, Barcelona, Lotus ya Graham Hill na ya Jochen Rindt zilivunjikiwa na mabawa yao ya nyuma zikiwa kwenye mwendo mkali. Mabawa hayo yalisimama juu ya vijiti virefu vyembamba. Nguvu ya upepo ilikuwapo, muundo wa kuibeba ndio haukutosha. Madereva wote wawili walinusurika, na wiki mbili baadaye huko Monaco mabawa marefu yakapigwa marufuku. Kijana wa Karatu anayetaka kujitengenezea bawa la nyuma alipime kwa kipimo hichohicho. Bawa lililofungwa kwenye bati la buti litalipinda bati. Likifungwa kwenye chuma cha chini, nguvu itafika kwenye matairi.

Kuhusu bati la paa lenyewe, mimi ni wa alumini. Mita 3 za mraba za chuma cha milimita 1 zina kilo 23 na ushei. Alumini ya milimita 1.5 ina kilo 12. Huo ni uzito uliopungua juu kabisa, mahali ambapo kila kilo hulisaidia gari kuyumba. Lakini alumini ikigusana na chuma penye unyevu huliwa, na ukingo wa kreta, kwenye mita 2,300 hivi, una ukungu mara nyingi. Lazima kuwe na mpira au rangi nzito kati yao. Mpira huohuo ndio unaozuia vumbi, ambalo hufyonzwa ndani kupitia kila mwanya gari linapokwenda.

Kurefusha chesesi kunahitaji makala yake. Niseme tu kwamba kiungo kisikatwe wima, kiwe cha mshazari na chenye bamba la ndani, na kwamba kila sentimita inayoongezwa hulifanya tumbo la gari kugusa matuta mapema na kuzibana kona za kupandia kutoka kreta.

Ombi langu kwa wenye kampuni za utalii: nendeni gereji siku fremu ikiwa bado uchi, kabla ya bati la ndani na rangi. Ulizeni kila nguzo inaishia wapi. Fungueni paa, mlitikise kwa nguvu, mtazame bawaba. Fundi asiyetaka kazi yake ionekane katika hatua hiyo, msimpe gari.