Katika Kuwasifu Mafundi wa Printa

Miongoni mwa mafundi wastahikio sifa, na ambao aghalabu hawasifiwi, ni wale wa steshenari za Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, waitwao pale tu mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoasisiwa mwaka 1984, anapoifungua tasnifu yake katika Evince, programu ya kusomea nyaraka, akaamuru ichapwe, na printa ya mtandao isitoe hata ukurasa mmoja.

Mwenye haraka huituhumu programu ya kusomea, maana ndiyo aionayo kwa macho. Bali fundi hodari, mfano wa kadhi, hahukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi. Ajua kwamba katika kompyuta za Linux programu ile haisemezani na printa: huikabidhi kazi kwa CUPS, mfumo alioutunga Mmarekani Michael Sweet na ukatolewa mwaka 1999, nao ndio upangao foleni, ukaugeuza waraka uwe katika lugha ifahamikayo na printa, kisha ukaupeleka mtandaoni, mara nyingi kwa mlango wa 631. Basi huandika lpstat -t, aone kama foleni imesimama. Halafu huituma faili ile ile kwa amri ya lp, pasi na kuipitisha Evince. Ikichapwa, tuhuma hurudi kwa programu na mipangilio yake. Isipochapwa, programu huachiwa huru, na uchunguzi huelekea mbele. Kwangu mimi jaribio hili dogo ndilo kilele cha ufundi wote, kwa kuwa laikata njia ndefu katikati bila kuharibu kitu.

Huko mbele, chanzo kimojawapo ni anwani: wakati wa masika, wingu likishatanda juu ya kilele cha Lupanga, umeme hukatika. Ukirudi, ruta huweza kuipa printa anwani mpya, ilhali kompyuta ingali yapeleka kazi kwenye ile ya zamani. Foleni ikisimamishwa kwa sababu hiyo, kuisahihisha anwani hakutoshi: sharti ifunguliwe kwa cupsenable, na printa itengewe anwani ya kudumu ndani ya ruta, jambo ambalo wavivu huliahirisha hadi masika mengine.

Ipo hila nyingine, ambayo huniudhi zaidi kwa upuuzi wake. Ukubwa wa karatasi ukiwa umeachwa kwenye Letter, karatasi ya Wamarekani, printa huwasha taa yake ikangoja karatasi isiyokuwemo, na trei imejaa A4 tele. Fundi hubadilisha neno moja katika mipangilio, tasnifu ikatoka. Naye hulipwa kwa kurasa peke yake, maana kutafuta kosa hakumo katika orodha ya bei iliyobandikwa ukutani.