Kuchanganya Muziki kwa Miguu

Tarehe 27 Novemba 1987, kundi dogo la wanamuziki liliingia katika Kanisa la Utatu Mtakatifu, katikati ya jiji la Toronto, likiwa na gita, besi, dramu, akodiani, fidla, harmonika na kipaza sauti kimoja. Wakuu wa kanisa walikuwa wameambiwa kwamba wageni hao ni waimbaji wa familia ya akina Timmins, wanaokuja kurekodi kipindi cha Krismasi cha shirika la utangazaji la taifa. Habari ya familia ilikuwa ya kweli: Michael alipiga gita, dada yake Margo aliimba, mdogo wao Peter alikaa kwenye dramu, na Alan Anton wa besi alikuwa rafiki wa tangu utotoni. Ya Krismasi ilikuwa chumvi. Bendi yenyewe inaitwa Cowboy Junkies, yaani wachunga ng'ombe mateja, na jina la namna hiyo halimfungulii mtu mlango wa kanisa.

Kazi ya siku ile ilitoka mwaka uliofuata kama albamu, The Trinity Session, na hadi leo wapenzi wa muziki wa chinichini huitaja wanapotaka kueleza bendi inasikikaje inapopigia kanisani. Wengi husifu sauti ya Margo, na hawakosei. Lakini kuna ufundi mwingine mle ndani ambao hausifiwi vya kutosha, ufundi wa kujua mtu asimame wapi.

Kanisa lenyewe lilijengwa mwaka 1847 kwa fedha za mwanamke wa Uingereza, Mary Lambert Swale, aliyetoa pauni 5,000 bila kutaka jina lake litangazwe. Sharti lake moja lilikuwa hili: viti viwe vya bure milele. Enzi hizo makanisa mengi yalikodisha mabenchi, tajiri akakaa mbele na maskini akabanana nyuma. Katika miaka ya 1970 jumba kubwa la maduka, Eaton Centre, lilipokuwa likijengwa pale pale, kanisa lilinusurika kubomolewa, na leo limesimama ubavuni mwa maduka kama bibi aliyegoma kuuza kiwanja. Kuta ngumu, dari ya juu, sakafu isiyomeza sauti. Hicho ndicho chombo ambacho bendi ilikuja kukipiga, ingawa kwenye orodha ya vyombo hakimo.

Fundi mitambo alikuwa Peter Moore. Mwaka mmoja kabla, yeye na bendi hiyo walikuwa wamerekodi albamu ya kwanza katika gereji ya nyumbani kwa namna ile ile, kipaza sauti kimoja na wote kukizunguka. Kipaza sauti chenyewe kilikuwa cha kampuni ya Calrec, chenye vinasa-sauti vinne vidogo vilivyofungwa ndani ya kichwa kimoja, kila kimoja kikitazama upande wake. Kinasikia mbele, nyuma, pembeni, hata juu. Ni kama sikio lililotundikwa katikati ya chumba, na sikio halina vitufe.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Katika studio ya kawaida kila chombo kina njia yake kwenye mikisa: harmonika ikizidi inashushwa, besi ikipotea inapandishwa, na yote yanaweza kufanywa wiki mbili baadaye, mpigaji akiwa kalala kwake. Moore hakuwa na nafasi hiyo. Harmonika ikizidi, mpigaji anarudi nyuma hatua mbili. Besi ikipotea, ampilifaya yake inasogezwa, au inageuziwa ukuta. Kisha wanapiga tena, wanasikiliza tena, wanasogea tena. Saa nyingi za siku ile ziliishia kwenye kusogea, kabla hata wimbo mmoja haujapatikana.

Tatizo kubwa lilikuwa Margo. Huyu ni mwimbaji ambaye siku za mwanzo, kwa haya, aliimba jukwaani akiwapa watazamaji mgongo. Sauti yake ni ya mtu anayezungumza na aliyeketi jirani yake, na dramu moja inatosha kuifunika. Jawabu lilipatikana kwenye spika zilizoachwa humo kanisani na kundi lililotangulia: akaimba kupitia hizo, na spika zenyewe zikatafutiwa mahali pake kwenye mpangilio, kama mwanamuziki mwingine. Kwa hiyo anayedhani huu ulikuwa muziki usio na umeme kabisa anakosea. Umeme ulikuwepo, ila ulishushwa mpaka ukawa na adabu.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mpigaji akirudi mita 3, mlio wake unachelewa karibu sehemu moja ya mia ya sekunde na kupungua nguvu, lakini mwangwi wake unaorudi kutoka kuta na dari haupungui kwa kiasi hicho. Uwiano unabadilika, na sikio linasoma umbali: huyu yuko karibu, yule yuko mbali, nyuma ya wote kuna ukuta. Anayesikiliza albamu hiyo kwa spika nzuri anaweza kuonyesha kwa kidole kila mtu alipo.

Mwangwi huo hutegemea pia kilichomo chumbani. Mwaka 1895 mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambao maneno ya mhadhiri hayakueleweka kwa wingi wa mwangwi. Alibeba matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anayapanga usiku na kupima mwangwi unachukua muda gani kufa. Alipima pia miili ya watu, maana nayo humeza sauti, nguo na nyama kwa pamoja. Kanisa la Toronto siku ile halikuwa na hadhira. Hapakuwa na koti wala paja la kunyonya kitu, na kila mlio uliachwa ujifie wenyewe.

Ndiyo maana nyimbo zile ni za taratibu. Mahali kama hapo, ukiharakisha unapika uji: noti ya pili inaikuta ya kwanza haijaondoka. Peter Timmins alizipapasa dramu zake kwa brashi. Bendi ilichukua nyimbo za wakongwe kama Hank Williams na ule ulioimbwa na Patsy Cline mwaka 1957, ikazivuta mpaka zikalegea, halafu ikauchukua Sweet Jane wa Lou Reed, wimbo wa mbwembwe za gita, ikaufanya kama bembelezi. Reed mwenyewe aliusifu.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea sherehe ambako spika hupangwa mlangoni na wazee hukalishwa mbele yake, anaweza kudhani hii ni hadithi ya Wazungu wenye nafasi. Sivyo. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville huko Katanga, ambao sasa ni Likasi, mrekodi wa muziki Hugh Tracey alimkuta kijana akipiga gita mtaani na kuimba kwa Kiswahili cha huko. Alikuwa Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke. Tracey alirekodi sehemu nyingi za Afrika akiwa amekishika kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe, akikisogeza kadiri muziki ulivyokwenda. Wimbo wake Masanga, uliotokana na kazi hiyo, ni gita moja linalosikika kama mawili, kidole gumba kikitembea chini na cha shahada kikicheza juu, na hapakuwa na mtu wa kuja kuongeza kitu baadaye. Bendi za dansi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga hivyo hivyo, kwa mkupuo, mwimbaji na tarumbeta chumba kimoja. Anayezipenda zilipendwa bila kujua kwa nini zinasikika kama watu walio pamoja, basi ni kwa sababu walikuwa pamoja.

Ubaya wa njia hii upo, na haufai kufichwa. Mmoja akikosea, wote wamekosea. Fidla haiwezi kufutwa, maana imo ndani ya besi, na besi imo ndani ya ukuta. Hilo huwafanya wapigaji wasikilizane kuliko wanavyojisikiliza. Kwenye nyimbo zile unasikia akodiani ikisubiri Margo amalize neno, kisha ikaingia kwa kuvuta pumzi.

Muda wao wa kanisani ulipokwisha, kazi ilikuwa bado. Dola 25 zilimshawishi mlinzi awaongezee saa mbili.

Bendi ilirudi kanisani humo karibu miaka 20 baadaye, safari hii ikiwa na wageni mashuhuri, kina Natalie Merchant, Ryan Adams na Vic Chesnutt, na kamera za filamu. Ni kazi nzuri, lakini ile ya kwanza ina kitu kimoja kisichorudiwa. Wimbo unaoifungua, Mining for Gold, ulirekodiwa siku chache baada ya wenzake, Margo akiimba peke yake bila chombo. Kabla hajafumbua kinywa unasikika mvumo mzito wa chini, wa jengo lenyewe. Unaendelea kuwepo chini ya sauti yake mstari baada ya mstari, na anaponyamaza kuvuta pumzi, unabaki wenyewe.