Kuta Zilipoanguka: Fumbo na Kisa Chake

Wahenga wamesema, fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii tumeirithi na kuitumia bila ya kuihoji, na sisi wapenzi wa mashairi tumeipenda zaidi kwa kuwa inatusifu. Lakini iko kazi moja ya sanaa, isiyo utenzi wala shairi, inayoikabili methali hii na kuikosoa. Kazi yenyewe ni kipindi kimoja cha tamthilia ya televisheni ya Kimarekani, Star Trek: The Next Generation, kiitwacho "Darmok", kilichooneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba 1991, kikiwa cha pili katika msimu wa tano. Huenda wapo watakaoshangaa kuona hadithi ya vyombo vya angani ikijadiliwa katika kurasa hizi. Nawaomba wastahamili, kwani suala linalobishaniwa humo ni letu.

Kisa chenyewe si kirefu. Nahodha Picard wa chombo Enterprise anakutana na Watamari, taifa ambalo watu wake wamewahi kukutana nalo mara saba katika miaka mia moja, bila ya vita na bila ya maelewano. Chombo kina mtambo wa kutafsiri lugha zote, nao unafanya kazi yake barabara: maneno yanasikika, kila moja lina maana. Tatizo ni kwamba maneno hayo yakiunganishwa hayasemi kitu. Nahodha wa Watamari, Dathon, anataja majina ya watu na mahali: Darmok na Jalad huko Tanagra. Anapoona haeleweki, anamchukua Picard kwa nguvu, na wote wawili wanajikuta juu ya sayari El-Adrel, penye dubwana lisiloonekana vyema. Dathon amebeba majambia mawili. Moja anampa mwenziwe. Picard anadhani ameitwa kupigana. Kumbe ameitwa kuwa rafiki.

Ni vyema tukawataja waliokitengeneza kipindi hiki. Mswada uliandikwa na Joe Menosky, kutokana na kisa alichokibuni pamoja na Philip LaZebnik. Mwongozaji alikuwa Winrich Kolbe, mzaliwa wa Ujerumani. Picard aliigizwa na Patrick Stewart, aliyetokea katika jukwaa la Royal Shakespeare Company nchini Uingereza. Dathon aliigizwa na Paul Winfield, Mmarekani mweusi aliyewahi kupendekezwa kupata tuzo ya Oscar kwa filamu ya Sounder ya mwaka 1972, na kumwigiza Martin Luther King katika tamthilia ya mwaka 1978. Ndani ya "Darmok" uso wa Winfield umefunikwa wote kwa ngozi ya bandia, kazi iliyokuwa chini ya fundi Michael Westmore. Kwa hiyo mwigizaji alibakiwa na sauti, macho na mikono tu, na kwa vitu hivyo vitatu alitakiwa afikishe kauli ambazo mtazamaji hazielewi. Anayetazama leo atakiri kwamba kauli hizo zilifika kabla ya maana yake kufika. Waghani wetu wanalijua jambo hili: sauti hutangulia, maneno yakafuata.

Sasa tuitazame lugha yenyewe. Watamari hawasemi "nipe" wala "chukua". Husema Temba, mikono wazi. Hawasemi "tumeshindwa", husema Shaka, kuta zilipoanguka. Hawasemi "tuondoke", husema Mirab, matanga yamekunjuliwa. Aliyeelewa jambo huambiwa Sokath, macho yamefunuliwa. Kila kauli ina jina, na baada ya jina ipo hali au mahali. Hamna mimi wala wewe. Mzungumzaji hajitaji, hulitaja tukio la kale na kujiweka ndani yake. Kwa masikio ya Mswahili kauli hizi zina ladha ya pekee, maana mkono wazi kwetu pia ni ukarimu, kufunguka macho kwetu pia ni kuelewa, na neno shaka, ambalo kwa Menosky ni jina la mtu tu, kwetu linaingia likiwa na mzigo wake wenyewe.

Hapa ndipo methali yetu inapopata mtihani. Miongoni mwa wafanyakazi wa Enterprise yumo Data, mtu wa kutengenezwa kwa mashine, ambaye kwa werevu hana mfano. Yeye na mshauri Troi wanapekua kumbukumbu na kugundua kwamba Darmok alikuwa mwindaji wa hadithi za kale, na Tanagra ni kisiwa kikubwa mfano wa bara. Wamejua majina, wamejua mahali, wala hawajaelewa. Troi anatoa mfano wa Juliet kwenye roshani: kwetu ni taswira ya mapenzi, lakini asiyemjua Juliet wala lililompeleka pale haoni ila msichana na roshani. Werevu wao umefika mlangoni ukakwama, kwa kuwa kilichokosekana ni kisa, na kisa hakipatikani kwa kufikiri. Hupatikana kwa kusimuliwa.

Picard analijua hilo kwa njia ngumu zaidi. Usiku wa kwanza anashindwa kuwasha moto, na Dathon anamrushia kijinga chenye moto huku akisema, Temba. Neno la kwanza limefahamika kwa sababu limekuja pamoja na tendo. Baadaye, dubwana linaposhambulia, watu wa Enterprise wanajaribu kumvuta Picard kwa mitambo yao. Anakwama katikati, hayupo huku wala kule, na Dathon anabaki peke yake na kujeruhiwa vibaya. Jaribio la kuokoa ndilo lililoua. Usiku huo, mbele ya moto, Dathon aliye mahututi anamtaka mwenziwe naye asimulie. Picard anamsimulia Gilgamesh, mfalme wa Uruk, na Enkidu, aliyekuwa adui kisha akawa rafiki, na namna Enkidu alivyokufa.

Uteuzi huu wa mwandishi una uzito. Utenzi wa Gilgamesh ulilala ardhini kwa karne nyingi. Mabamba yake ya udongo yalifukuliwa huko Ninawi katika karne ya 19, na ni mwaka 1872 George Smith alipotambua ndani yake habari za gharika. Kisa kilichokufa kwa kukosa msimulizi kinafufuliwa kumfariji mtu anayekufa kwa ajili ya kisa. Kwa rai yangu, hiyo ndiyo dakika bora ya kipindi chote, wala haina mapigano.

Kasoro zipo. Dubwana ni dhaifu, halitishi, na mivutano ya vyombo huko juu ni ya kujaza muda. Kasoro kubwa zaidi wameitaja wengi: ikiwa Watamari hawana ila majina ya visa, watoto wao hufundishwa vipi visa vyenyewe? Mwaka 2014 Ian Bogost aliandika katika The Atlantic kwamba ni makosa hata kuiita lugha hiyo ya sitiari, kwani kwake Watamari hutaja mikakati ya kutenda. Nakubaliana naye nusu. Kauli zao kweli huamuru tendo, lakini tendo hilo huazimwa kutoka kwa aliyetangulia kulitenda, na kuazima huko ndiko sisi tunakokuita ushairi.

Tujipime wenyewe. Tuseme mtunzi ameandika leo: Liyongo kisimani, upinde mkononi. Mwenye kisa atamwona shujaa aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, akapiga goti kando ya kisima na kufa hivyo, na mji mzima ukashindwa kuteka maji kwa kumwogopa maiti. Ataona usaliti, uchu wa mtoto aliyehadaiwa na utisho unaomshinda mwenyewe uhai. Asiye na kisa ataona mtu na kisima. Naye si mjinga. Hakuambiwa tu. Tumezoea kuwalaumu vijana kwamba hawayafahamu mafumbo, na kuwasifu washairi kwa kuyafunga zaidi, ilhali hatujiulizi ni lini mara ya mwisho tulikaa nao tukawasimulia Liyongo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mwishoni Picard anarejea chomboni na kuzungumza na Watamari kwa lugha yao, na vita vinaepukwa. Anawakabidhi maelezo ya kifo cha nahodha wao; nao wanatunga papo hapo kauli mpya: Picard na Dathon huko El-Adrel. Msamiati umeongezeka neno moja, na bei yake ni roho ya mtu. Picard anaonekana baadaye akisoma nyimbo za kale za Kigiriki zinazohusishwa na Homer, kama mtu aliyegundua kuwa amechelewa kusoma vya kwao.

Watazamaji nao walifanya kama Watamari. Wapo hadi leo wanaosema "Shaka, kuta zilipoanguka" wanapofeli jambo, na mwaka 2021 tamthilia ya katuni, Star Trek: Lower Decks, ilimleta Kayshon, ofisa wa Kitamari. Kisa kimezaa fumbo, kwa kuwa kiliwahi kusimuliwa kikamilifu mara moja. Mwerevu huligangua fumbo, ni kweli, lakini ni yule aliyepata mtu wa kuketi naye motoni. Dathon alijua kwamba huenda asirudi, na bado alikwenda kuketi.