Mbinu za Kisanaa na Ushawishi katika Utendi wa Mwana Kupona

Katika kusahihisha insha za ushairi, mara nyingi tunakuta mwanafunzi ameorodhesha takriri, tashbihi na sitiari, akatoa mfano mmoja kwa kila istilahi, kisha akahitimisha. Kwa maoni yetu, orodha hiyo bado si uhakiki. Mbinu huhakikiwa pale tunapoonyesha inamfanyia nini msikilizaji. Tuuchukue Utendi wa Mwana Kupona, wasia uliotungwa yapata mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya bintiye.

Aristotle aliugawa ushawishi katika nguzo tatu: hadhi ya msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe. Zote zimo humu. Msemaji ni mama, tena mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Amelemewa na maradhi kwa mwaka mzima, naye anamwita binti aje na wino na karatasi. Nani atabishana na mzazi aliye katika hali hiyo?

Hoja kuu ni kwamba binadamu anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Hapa mpangilio unafanya kazi kubwa kuliko tashbihi yoyote. Mume anapata uzito kwa kutajwa katika safu moja na wale wanne. Baadaye mama anaeleza kuwa mumewe alifariki akiwa radhi naye. Maisha yake mwenyewe yanakuwa ushahidi.

Arudhi nayo inashawishi. Kila kipande kina mizani 8. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachorudi hadi tamati. Hivyo agizo la ibada na agizo la kumhudumia mume hufungwa kwa sauti ileile, yakasikika kama amri za daraja moja.

Wapo wanaoulaumu utendi huu kwa kumfunga mwanamke, na wapo wanaouheshimu kama hekima ya mama. Mwanafunzi asiyeona ushawishi unavyojengwa atachagua upande kwa mazoea tu. Kwa hiyo tunapendekeza kwa walimu wenzetu: badala ya swali la "Taja mbinu tano", tuulize, "Binti anashawishiwaje, na angeweza kujibu nini?"