Kufuli Mahali pa Josho

Kuwazuia kobe wa Afrika wasiingie Marekani mwaka 2000 kulikuwa uamuzi sahihi. Kosa lilikuwa katika nusu ya pili ya amri ileile.

Wafuatiliaji wanaikumbuka. Machi mwaka huo Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipiga marufuku uagizaji wa kobe chui, kobe sulcata na kobe wa Bell, yule mwenye gamba lenye bawaba. Timu ya Michael Burridge wa Chuo Kikuu cha Florida ilikuwa imewapima kupe aina ya Amblyomma sparsum waliotolewa kwenye kobe kutoka Zambia, ikawakuta baadhi na kijidudu cha maji moyo. Mfugaji wa mbuzi wa huku hahitaji kusimuliwa: mnyama anazunguka papo hapo, anatafuna mdomo mtupu, kisha anaanguka akirusha miguu.

Halafu amri ikaongeza kwamba kobe wa aina hizo wasivuke hata mpaka kati ya jimbo na jimbo. Si wenye kupe tu, wote. Hapo ndipo kazi nzuri ilipoharibiwa.

Kupe hawa hubadilisha mnyama mara tatu maishani. Kila wakishiba hushuka chini, na jike akimaliza kula hutaga mayai kwa maelfu udongoni. Viluwiluwi vyao havichagui sana pa kupanda. Tena ilishaandikwa mwaka 1998 kwamba Amblyomma marmoreum, kupe wa kobe hasa, wamezaliana ndani ya shamba la kuzalisha reptilia huko Florida. Hatari ilikuwa inanyemelea zizini, amri ikaenda kulinda barabara. Mwenye kobe safi na mwenye kobe aliyejaa kupe wakawekwa kapu moja, na wote wawili hawauzi nje ya jimbo. Mtu wa namna hiyo anamwita daktari wa mifugo ili iweje? Kukagua kobe ni kazi: kuna kwapa, kinena, chini ya mkia na mishono ya gamba, na kobe chui mkubwa hakubali kutoa mguu kwa hiari. Amri haikumpa mfugaji sababu yoyote ya kuhangaika hivyo.

Wala dawa ya haraka haikuwepo. Ivermectin, ile sindano inayotegemewa kwa ng'ombe, kwa kobe ni sumu. Watafiti Teare na Bush walishaonya mwaka 1983 kwamba inaweza kuwapooza, na kobe chui ndio waliodhurika kwa dozi ndogo zaidi. Ilibidi Burridge na wenzake wajaribu viuakupe vingine, na mwaka 2002 wakachapisha kwamba permethrin, ya ukoo wa pareto, inaua kupe bila kumdhuru kobe chui. Kazi safi.

Linganisha na wazee wa wizara hiyohiyo. Mwaka 1893 Theobald Smith na Kilborne walithibitisha kwamba homa ya ng'ombe ya Texas huenezwa na kupe. Kampeni ya kuwatokomeza ilipoanza mwaka 1906, karantini ilikwenda na josho: ng'ombe anachovywa, anakaguliwa, akiwa safi anapita. Wafugaji wengine walipinga kwa nguvu, lakini njia ya kutoka ilikuwepo. Kufikia 1943 kupe hao walikuwa wametoweka, isipokuwa ukanda wa karantini kando ya mto Rio Grande. Safu hii imeshalia mara nyingi juu ya majosho yetu yaliyoachwa yakauke huku vibali vya kusafirisha mifugo vikiendelea kugongwa mihuri. Kumbe wenye fedha nao husahau.

Mwaka 2001 wizara ililegeza: kobe avuke jimbo akiwa na cheti cha daktari kwamba amekaguliwa na hana kupe. Ndicho kilichopaswa kuandikwa tangu Machi ile, pamoja na maelekezo ya kupulizia zizi, si kobe peke yake.

Na bado orodha ina walakini. Watafiti haohao wa Florida waliwakuta kupe wa kigeni kwenye chatu na kenge walioagizwa kutoka Afrika, si kobe tu. Marufuku ikataja kobe wa aina tatu. Anayepokea kreti la chatu leo anapaswa kulikagua kwa ukali uleule, ndani ya chumba cha peke yake, kabla mnyama hajafika karibu na zizi la kobe.